Fundi Aliyetukataza Kumwaga Kifusi Darajani

Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa Nachingwea mjini, nimesimama foleni ya kutoa kopi, simu ikatetemeka mfukoni. Kundi la kijiji. "Fundi wa daraja amefariki leo alfajiri, maziko baada ya adhuhuri." Kabla sijamaliza kusoma, pole zikaanza kumiminika, mikono ya dua, machozi, mioyo iliyopasuka, na mmoja akaandika, "Tumempoteza shujaa wa maendeleo." Huyo aliyeandika shujaa ndiye aliyesema mwaka jana, mbele ya watu, kwamba mzee huyu achapwe bakora. Nikaiacha foleni, nikatafuta bodaboda, na njia nzima nilikuwa na hasira. Dereva akaniuliza, "Braza, ni baba yako?" Nikamwambia hapana. "Mjomba?" Hapana. "Sasa mbona umenuna hivyo?" Sikuwa na jibu, na ninyi mnaonisoma hapa kila wiki mnajua mimi sikosagi jibu. Leo naandika lile nililoshindwa kumwambia yule dereva.

Daraja lenyewe ni lile la mbao kwenye barabara ya ndani, ile inayotoka upande wa Ruangwa na kuingia Nachingwea bila kuzunguka njia kuu. Wazee wanasema lilijengwa enzi za Waingereza wa ule mradi wa karanga, wakitafuta pa kupitisha matrekta yao. Waingereza waliondoka, karanga zilishindwa, matrekta yakaozea porini, daraja likabaki. Magogo ya chini ni mkongo, mbao za juu ni mninga, na kati ya ubao na ubao kulikuwa na nafasi ya vidole viwili. Marehemu alilitunza tangu ujana wake. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, yeye akazaliwa huku, na Kimakua hakikumtoka mdomoni hata akiongea Kiswahili. Siku za kawaida alikuwa anatengeneza vitanda na milango. Kila baada ya wiki mbili alichukua shoka lake, akapita darajani akigonga ubao mmoja mmoja kwa kitako cha shoka, kichwa kimeinama kama daktari anayesikiliza kifua. Ubao mzima unasema ko. Ubao ulioanza kuoza unasema bu. Ukisema bu, kesho yake unang'olewa. Mkataba hakuwa nao. Watu wa idara ya barabara walimwita kibarua, wakawa wanampa misumari.

Alikuwa na amri moja isiyo na msamaha: gari lenye watu likifika, watu washuke, wavuke kwa miguu, gari lifuate tupu. Nikiwa kidato cha tatu nilimwona akisimamisha gari la harusi lililotoka Mbekenyera. Bibi harusi yumo ndani, gauni limejaa mpaka madirishani. Shangazi yake akatoa kichwa nje. "We mzee una wazimu? Bibi harusi hakanyagi vumbi leo!" Fundi akajibu taratibu, "Sijasema akanyage, nimesema ashuke." "Sasa akishuka atapita hewani?" "Shangazi si upo? Mgongo huo naona Mungu hakukunyima." Gari zima likacheka, mpaka bibi harusi, ambaye siku hiyo hakutakiwa hata kutabasamu. Shangazi akamtukana fundi kwa Kimwera, matusi marefu yaliyogusa mpaka babu zake, halafu akachuchumaa, akambeba mtoto wa kaka yake mgongoni, na wanawake wakapiga vigelegele kuanzia ubao wa kwanza mpaka wa mwisho. Tangu siku hiyo harusi za huku kwetu zikalifanya jambo hilo desturi: bibi harusi anavushwa daraja mgongoni kwa shangazi. Wageni wakija wanaambiwa ni mila ya mababu. Mila gani? Ni fundi tu, alikuwa anazionea huruma mbao zake.

Mimi na yeye tulikosana kwa sababu ya mayai. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo ya kawaida, namsaidia mama biashara yake ya chipsi. Siku hiyo nimefunga trei mbili za mayai nyuma ya pikipiki, nakuja kasi kama kawaida yangu, tairi la mbele likateleza na kunasa katikati ya mbao mbili. Mayai yakamwagikia mtoni kupitia kwenye nafasi zile zile. Fundi alikuwepo na nyundo yake, akanisaidia kuinua pikipiki, kisha akachungulia chini na kusema, "Leo kambare wanakula chipsi mayai." Sikucheka. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo nimeshakupa, sasa niache niseme ukweli. Hizi nafasi ziba. Karne gani hii?" Akaniangalia bila hasira. "Hizo ni pua, mwanangu. Daraja linapumulia hapo. Mvua ikinyesha maji yanapita, upepo unapita, ubao unakauka. Wewe nikikuziba pua, utafika Nachingwea?" Nikaona ananiletea hadithi za kuwalaza watoto.

Wiki ile ile nikaandika barua kwa serikali ya kijiji. Nikazunguka nayo nyumba kwa nyumba mpaka karatasi ya sahihi ikajaa pande zote mbili, maana kila mtu alikuwa na lake. Bodaboda walilalamikia matairi. Wenye ufuta walisema gunia likichanika pale, punje zinaishia majini. Waliojenga karibu walichoka na kelele, pikipiki moja ikipita mbao zinalia kama mtu anavunja kabati. Na chini ya yote hayo kulikuwa na aibu, ingawa kwenye barua sikuiandika: wenzetu njia kuu wanapata lami, sisi bado tunapita juu ya mbao. Nikamalizia kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Nilijiona mwanasheria. Barua iliposomwa mkutanoni, fundi aliomba aseme neno moja tu. "Ufa na nafasi ni vitu viwili. Ufa unakuja wenyewe. Nafasi nimeiacha mimi." Watu wakapiga miluzi. Mwenyekiti akasema, "Fundi, kaa, umri umekwenda." Likapitishwa: kifusi kimwagwe juu ya daraja, kishindiliwe, njia yote iwe moja.

Tukamwaga. Ilikuwa siku nzuri, siwezi kudanganya. Trekta la mtu mmoja wa Chunyu lilileta kifusi chekundu, vijana tukakishindilia huku tunaimba, kina mama wakapika wali na maharage hapo hapo kando ya mto. Jioni pikipiki zikapita bila sauti. Daraja likapotea, ikabaki barabara. Watu wakaacha kushuka kwenye magari, nani ashuke wakati hata daraja lenyewe halionekani? Malori ya korosho yaliyokuwa yanazunguka mbali yakaanza kukatiza kwetu, tukajisifu kwamba biashara imefika mlangoni. Baada ya wiki mbili fundi akaja na shoka lake kama kawaida, akapita akigonga mwanzo mpaka mwisho. Kifusi hakikumwambia kitu.

Masika ikaja, ikaisha. Siku moja ya gulio, kijiji kimebaki kitupu, mimi nilirudi mapema nikamkuta peke yake katikati ya daraja, jua la saa saba, ameshaondoa kifusi kwa koleo karibu nusu nzima. Shati limelowa. "Fundi, unafanya nini?" "Namwangalia mgonjwa wangu." "Nani kakuruhusu?" Akanyoosha mkono kuelekea chini ya daraja. "Shuka ukaangalie. Mimi nitakusubiri hapa." Sikushuka. Kulikuwa na matope na nilikuwa nimevaa raba mpya, hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Nilichofanya ni kutoa simu, nikampiga picha, nikaituma kwenye kundi na maneno matatu: "Mzee anabomoa barabara." Saa moja baadaye ofisi ya kijiji ilikuwa imejaa. Anaharibu miundombinu, wakasema. Ndipo mmoja akataka bakora. Mwishowe wakaamua arudishe kifusi chote kwa mikono yake mwenyewe, na akakirudisha, siku mbili, wapitaji wakimkebehi, "Mzee, zika vizuri, asifufuke!" Na mimi, wiki hiyo hiyo, niliandika hapa hapa juu ya watu wanaong'ang'ania ukale. Jina sikutaja, lakini nani hakujua? Wengi wenu mlinipongeza. Tulipokutana dukani akaniambia, "Nimesomewa ulichoandika. Kiswahili kizuri. Ila hukushuka." Akachukua chumvi yake, akaenda zake.

Sasa naomba tuelewane, maana najua kuna mtu tayari anasema kijana ameanza kulilia mbao. Sililii mbao. Daraja lile lilihitaji kuboreshwa tangu zamani, na fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitaka hilo. "Leteni chuma, leteni zege," alikuwa anasema, "mimi mgongo umechoka kuchana mninga." Alichokikataa ni kuufunika ubovu halafu tukauita maendeleo. Tena aliposema tulimsikia vizuri kabisa, tena kwa Kiswahili, maana kuna watu wanajitetea eti lafudhi yake ilikuwa nzito. Haikuwa nzito kiasi hicho.

Mwezi uliopita mradi ukafika. Injinia ni dada, hajanizidi sana umri, akaja na vijana wawili na kofia zao za njano. Mwenyekiti aliandaa soda na hotuba. Dada wa watu hakukaa hata kwenye kiti. Akauliza, "Hiki kifusi nani aliweka?" Mwenyekiti akasema, "Wananchi, kwa nguvu zao wenyewe." Akasema, "Kitoeni." Kisha akashuka chini, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nikashuka nyuma yake, kwa sababu nilitaka picha za kuwaletea ninyi. Jamani. Zile mbao tulizozikanyaga tangu utoto zilikuwa zimelowa kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Injinia alichomeka bisibisi, ikaingia mpaka kwenye mpini. Mchwa wamejenga juu yake kama kwao. Na hapo ndipo malori ya korosho yalikuwa yanapita, ndipo watoto wa shule walikuwa wanapita. Magogo ya mkongo, mengi yalionekana bado mazima, na kila gogo lilikuwa na mikato midogo ya tezo la kuchongea, mitatu hapa, mitano pale, mingine imepigwa mshazari juu yake. Injinia akapitisha kidole kwenye mikato ile. "Hizi alama za nini? Daraja hili alikuwa analitunza nani?"

Hapa nisomeni polepole. Fundi alikuwa hai. Alikuwa amelala kwake, kifua kimembana wiki ya tatu, nyumba ya tatu kutoka darajani, ukisimama ukingoni unaliona paa lake. Mwenyekiti akakohoa. "Alikuwepo mzee mmoja, ila mgonjwa, na kumbukumbu nazo ndiyo hivyo tena..." Kumbukumbu gani? Juzi yake tu alikuwa amemkumbusha mama yangu kwamba mlango aliomtengenezea unahitaji bawaba mpya. Injinia akatugeukia sisi wengine. "Hakuna mwingine anayejua? Nikisomewa hizi alama, nikajua gogo gani lilibadilishwa lini, yale mazima nayaacha, naongeza chuma, kabla ya msimu wa korosho mnapita. Nisipojua siwezi kucheza na roho za watu. Natoa yote, na hapo mtasubiri sana." Nikaiangalia simu yangu. Fundi akitajwa, injinia ataenda kumwona, na akienda atauliza kwa nini hakusikilizwa, na jibu lake lina mwandiko wangu na picha yangu. Nikanyamaza. Tulinyamaza wote, watu wazima na akili zetu. Injinia akaandika kitu kwenye daftari lake, akashukuru, akapanda gari. Siku ya sita fundi akafariki.

Msibani walikuja watani wake, kama ilivyo huku kwetu, wale ambao kazi yao ni kuhakikisha hata maiti haipumziki kabla haijataniwa. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye sauti ya king'ora, alikuwa amevaa shati la marehemu na kofia ya marehemu, ameshika shoka la marehemu, anapita katikati ya waombolezaji na kugonga kila kitu. Akagonga nguzo ya baraza. "Ko! Huyu mzima." Akagonga sufuria la pilau. "Ko! Lakini hili nitarudi kulikagua." Watu hoi kwa kicheko, na machozi bado yako mashavuni. Akamfikia mwenyekiti, akamgonga bega kwa mpini, taratibu, akaweka sikio. "Nyamazeni nisikilize jamani... Bu! Ng'oeni huyu!" Kiwanja kizima kikapasuka, na mwenyekiti naye akacheka, maana mtani hanuniwi. Kisha akaja kusimama mbele yangu. Akanigonga kifuani. Akatega sikio. Akagonga tena. Halafu akawageukia watu, "Huyu sijui, jamani. Huyu wamemmwagia kifusi." Walicheka kuliko kwa mwenyekiti. Na mimi nilicheka, meno tu, nikaenda kusimama nyuma ya nyumba kwenye migomba, na sikurudi mpaka niliposikia jeneza linatolewa.

Nimewaza sana kilichotufikisha hapo, na kila nikiwaza hasira inapanda. Shule ilinifundisha kuandika barua rasmi, anuani mbili, kichwa cha habari kipigiwe mstari. Haikunifundisha kwamba kabla ya kuandika juu ya daraja ushuke ukaliangalie chini. Na si mimi peke yangu. Mzee asiye na karatasi tunamwita mkutanoni afungue kwa dua, akishasema amina kazi yake imekwisha, zinaanza hoja za wenye akili. Kule Kiegei nilishakaa na mama mmoja anayejua kisima gani kitakauka na kipi kitadumu, hajawahi kuulizwa hata siku moja, wachimbaji wanakuja na mashine yao wanachimba pakavu na kuondoka. Tunapenda kitu kisichopiga kelele. Mbao zikilia tunazifunika, mtu akilia tunamwambia akae, umri umekwenda, halafu tukipata utulivu tunadhani tumepata maendeleo. Sasa hivi daraja limefungwa. Wajawazito wanavushwa mto kwa kushikwa mikono, wanafunzi wa ng'ambo wanafika darasani na sketi zimelowa, na korosho za mwaka huu zitazunguka njia ndefu huku kila mtu akimlaumu mkandarasi.

Siku ya tatu baada ya maziko nilitafuta namba ya injinia, nikampigia. Nikamweleza yote bila kuruka: mayai, barua, picha, zile alama, lile paa linaloonekana kutoka ukingoni. Hakunikatisha. Nilipomaliza akauliza, "Siku ile tuko chini ya daraja, huyo mzee alikuwa hai?" "Ndiyo, dada." "Anaongea?" "Anaongea." Kisha akasema, "Mbona ningeenda kwa miguu." Nikamuuliza kama bado kuna la kufanya. Akasema hapana, kazi imeshapangwa, magogo yote yanatoka, mazima na mabovu, maana aliyeweza kuyatenganisha hayupo tena.

Basi ndugu zangu, funzo nililobaki nalo ni hili, na silifurahii. Hapo ulipo yupo mtu anayejua jambo ambalo halijaandikwa popote, na leo bado anapumua. Inawezekana mlishamkosea. Akija mwenye kuuliza, mtaje, hata kama kumtaja kutakuumbua mbele za watu. Usisubiri kuja kumwandikia maneno mazuri. Haya yangu yamenichukua siku nzima, nimefuta na kurudia, na hayatamfaa fundi kitu wala hayatarudisha gogo hata moja. Kusema "yupo, nyumba ile pale" ilikuwa pumzi moja tu.